Kalenda ya Muwasho: Maradhi ya Ukeni Yanayorejea na Hedhi

Maradhi ya ukeni yanayokuja na kuondoka kwa kufuata mzunguko wa hedhi ni miongoni mwa kero zinazowasumbua wanawake wengi wa umri wa kuzaa, ilhali husemwa kwa sauti ya chini au hayasemwi kabisa. Kwa mwanamke mmoja muwasho huanza siku chache kabla ya damu kuonekana, ukatulia hedhi inapokuja. Kwa mwingine hedhi ikishamalizika hubaki majimaji yenye harufu ya shombo, ambayo dawa huyaondoa kwa wiki kadhaa kisha yakarejea. Katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ni rahisi mwanamke wa namna hiyo kujishuku kwamba hajajisafisha vya kutosha, na ni rahisi vilevile kushukiwa na wengine kwamba ametoka nje ya ndoa. Sayansi inaeleza jambo tofauti: kurejea huko kuna ratiba, ratiba hiyo hutokana na homoni pamoja na uchachu wa uke, na mwanamke anayeifuatilia kwa makini anakuwa na ushahidi ambao hata mtaalamu mwenye hadubini anauhitaji.

Uchachu unaolinda

Uke wenye afya si mahali pasipo na vijidudu, bali ni makazi ya bakteria wengi wanaoishi humo kwa manufaa ya mwenyeji wao. Mnamo mwaka 1892 daktari wa Ujerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza bakteria wenye umbo la vijiti ambao leo huwekwa katika jenasi iitwayo Lactobacillus. Homoni ya estrojeni huzifanya seli za ukuta wa uke kuhifadhi glaikojeni, yaani wanga wa mwilini. Glaikojeni hiyo inapovunjwavunjwa kuwa sukari nyepesi, bakteria hao huila na kutoa asidi ya laktiki, asidi ile ile inayoyapa maziwa ya mgando ukali wake. Kwa kipimo cha pH, ambacho huhesabu 7 kuwa kati na kuzidi kushuka kadiri uchachu unavyoongezeka, uke wa mwanamke wa umri wa kuzaa huwa kwa kawaida baina ya 3.8 na 4.5, hali ambayo vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kuistahimili.

Ulinzi huo, hata hivyo, haukai katika kiwango kimoja mwezi mzima. Damu ya hedhi ina pH inayokaribia 7.4, kwa hiyo inapopita hupunguza uchachu na kuleta madini ya chuma ambayo baadhi ya bakteria huyatumia kustawi. Shahawa nazo hupunguza uchachu kwa muda. Kwa wanawake wengi bakteria walinzi hujijenga upya baada ya siku chache bila ya wao kuhisi lolote, lakini kwa wengine siku hizo chache hutosha kuwapa nafasi vijidudu vilivyokuwa vimezuiwa.

Kabla ya hedhi na baada yake

Maradhi mawili yanayorejea zaidi hutofautiana katika saa yake ya kutokea. La kwanza ni lile ambalo watu huliita fangasi, linalosababishwa hasa na hamira aitwaye Candida albicans. Fangasi huyu haogopi uchachu, naye hunufaika na mazingira yanayojengwa na homoni katika nusu ya pili ya mzunguko, baada ya yai kupevuka. Ndiyo maana muwasho mkali, wekundu, maumivu wakati wa kukojoa au kujamiiana, na ute mzito mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda huzidi katika wiki inayotangulia hedhi, kisha mara nyingi hupungua damu inapoanza. Kwa kawaida ute huo hauna harufu mbaya.

La pili huitwa vajinosisi ya bakteria, hali ambayo bakteria walinzi hupungua na nafasi yao kushikwa na wengine, hasa Gardnerella, walioelezwa mwaka 1955 na watafiti wa Marekani, Herman Gardner na Charles Dukes. Hapa muwasho si dalili kuu. Dalili kuu ni majimaji mepesi ya kijivujivu yenye harufu ya shombo la samaki, harufu ambayo hupanda wakati wa hedhi, mara baada yake, au baada ya kujamiiana, kwa sababu upungufu wa uchachu huziachilia kemikali zenye harufu zigeuke kuwa hewa. Hali hii huwapata wastani wa asilimia 23 hadi 29 ya wanawake wa umri wa kuzaa katika maeneo mbalimbali ya dunia, na umuhimu wake unazidi kero ya harufu, kwani imehusishwa na kujifungua kabla ya wakati na kuongezeka kwa uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Kwa nini dawa huponya, kisha maradhi hurejea

Kwa fangasi wa kawaida, klotrimazoli ya kuweka ukeni au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 hutosha, ingawa mjamzito hapaswi kumeza flukonazoli na hutibiwa kwa dawa ya kuweka ukeni. Yanapotokea mara 3 au zaidi kwa mwaka, maradhi hayo huhesabiwa kuwa sugu na huhitaji mpango mwingine. Utafiti ulioongozwa na Jack Sobel nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kidonge cha flukonazoli kila wiki kwa miezi 6, baada ya tiba ya mwanzo, huwaweka wanawake wengi katika nafuu, lakini wengi wao huugua tena dawa ikishaachwa. Kwa hiyo ni lazima pia kuchunguza kisukari, matumizi ya viuavijasumu ya mara kwa mara na upungufu wa kinga.

Vajinosisi hutibiwa kwa metronidazoli, mara nyingi miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, na harufu huondoka upesi. Tatizo ni kwamba Gardnerella hujenga utando unaoshikamana na ukuta wa uke, mfano wa ukungu wa kijani ndani ya mtungi, na dawa huwaua wa juu ikawaacha wa chini; hivyo zaidi ya nusu ya waliotibiwa hupatwa tena katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa jibu jingine baada ya kuchunguza wanandoa na wapenzi 164: wanaume walipotibiwa pamoja na wenzao kwa vidonge na krimu ya kupaka uumeni kwa siku 7, maradhi yalirejea kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12, ikilinganishwa na asilimia 63 pale mwanamke alipotibiwa peke yake. Matokeo hayo hayamfanyi mume kuwa mkosaji, bali yanamfanya kuwa sehemu ya tiba.

Kumeza kiuavijasumu chochote kwa kubahatisha si njia ya mkato. Wanawake wajawazito wa Korogwe na Handeni walishiriki, pamoja na wenzao wa Kenya na Malawi, katika utafiti wa IMPROVE uliochapishwa mwaka 2023. Baadhi yao walipewa kiuavijasumu cha azithromaisini juu ya dawa za kuzuia malaria, na nyongeza hiyo haikupunguza madhara ya ujauzito. Kiuavijasumu kisicholenga huweza hata kuwaua bakteria walinzi na kumfungulia fangasi mlango.

Maji ya Handeni

Handeni ni wilaya iliyozoea kiu. Tangu miaka ya 1970 imetegemea kwa sehemu bomba kuu linalochota maji mto Pangani upande wa Korogwe, pamoja na malambo na visima, na sasa miji ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani imo katika mradi wa maji wa miji 28. Maji hayo yanahitajika sana wakati wa hedhi, lakini yanahitajika kwa mikono, kwa ngozi ya nje na kwa vitambaa, wala si kwa kuoshea ndani ya uke. Utafiti wa miaka 10 uliofanyika Mombasa na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba waliojiosha ndani waliambukizwa virusi vya UKIMWI zaidi kuliko wasiojiosha, na waliotumia sabuni zaidi kuliko waliotumia maji matupu. Uke hujisafisha wenyewe kwa ndani; ndimu, magadi, manukato na dawa za kuua vijidudu huvuruga kazi hiyo.

Vipande vya kanga vinavyofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa ni salama kuliko vile vinavyofichwa uvunguni kwa aibu, vikavaliwa vikiwa na unyevu. Taulo za kike zinunuliwazo zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani katika bajeti ya Tanzania ya 2018/19, msamaha ukaondolewa mwaka uliofuata. Nchini Kenya, uchunguzi uliofanywa kwa wasichana wa shule wa Siaya na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliopewa vikombe vya hedhi, ambavyo huchemshwa na kutumika kwa miaka, walikuwa na uwezekano wa vajinosisi uliopungua kwa asilimia 26.

Kusoma kalenda

Njia nyepesi ya kuanzia ni daftari. Kwa mizunguko 3 mwanamke huandika siku ya kwanza ya hedhi, siku ya muwasho, siku ya harufu, siku ya kujamiiana na kila dawa aliyotumia. Dalili zikielekea kabla ya hedhi fangasi hushukiwa, zikielekea baada yake vajinosisi hushukiwa, na kipimo cha uchachu pamoja na hadubini huthibitisha. Dalili zisizofuata kalenda zina maana yake pia. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana mkoani Tanga kwa wanaoingia maji yaliyotuama yenye konokono, huweza kuweka mayai katika shingo ya kizazi na kuleta muwasho, majimaji na damu. Tiba yake ni prazikwanteli, na vidonge vya fangasi havitakigusa. Homa yenye maumivu ya tumbo la chini, vidonda, au damu baada ya kujamiiana havisubiri mzunguko wa tatu, bali humpeleka mwanamke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Katika mila za unyago, somo ndiye aliyemfundisha mwali kuhesabu siku zake na kujitunza, na neno lake huaminiwa kuliko bango la zahanati. Somo huyo akiongeza mambo mawili, kwamba ndani hapaoshwi na kwamba siku ya muwasho iandikwe pamoja na siku ya damu, mwali atafika mbele ya mganga akiwa na maelezo ya ugonjwa mkononi, badala ya kufika na aibu isiyo yake.