Ua wa Milango Kumi

Msomaji, kama unakaa mjini katika nyumba za kupanga, bila shaka waujua ua wa namna hii: vyumba kumi vimezunguka uwanja mmoja, mfereji mmoja wa maji katikati, kamba za nguo juu, na tope chini. Kila mtu hupita hapo na hakuna anayeutunza. Ua wetu hapa Nakuru ulikuwa hivyo mpaka alipohamia mama mmoja katika chumba cha nne. Nataka kukueleza alivyofanya, kwa maana wengi hufika ofisini kwetu wakisema hawawezi kulima kwa kuwa hawana shamba.

Jambo la kwanza alilotazama lilikuwa maji. Mfereji ule una mita moja, na mwisho wa mwezi malipo hugawanywa kwa vyumba vyote. Angewanyweshea mboga zake maji safi, ugomvi ungezuka kabla mche wa kwanza haujashika. Lakini maji ya kuoshea mboga na kusuuzia nguo yalikuwa yakimwagwa chini, yakatuama, na mbu wakazaliana humo. Maji hayo hayakuwa na mwenyewe. Akaweka karai kuukuu karibu na mfereji, akatuomba mlango kwa mlango tumwage humo maji ya kusuuza mara ya mwisho, wala si yale ya povu zito au yenye dawa ya kung'arishia nguo. Sababu yake ni kwamba sabuni ina chumvi, na chumvi ikizidi udongo hushikana na maji hayapenyi. Hata hayo yaliyo mazuri humwagwa shinani, si juu ya majani, wala hayafai kwa mboga ziliwazo mbichi kama dhania.

Pahali pa kupanda hapakuwepo, kwa hiyo alitumia magunia ya kilo 90. Shika kopo kubwa lililotobolewa chini na juu, ulisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo. Jaza udongo kulizunguka, kisha livute kopo juu, mawe yabaki. Endelea hivyo mpaka gunia lijae. Mawe hayo ndiyo njia ya maji kufika chini. Bila hayo maji hulowesha juu tu, na miche ya chini hukauka. Halafu toboa ubavuni matundu yaliyoachana sentimita 20 hivi, upande sukuma wiki katika kila tundu na juu pia. Gunia moja lilichukua miche 30 na zaidi.

Miche ya kwanza ilikufa yote, na hapa lazima niseme ukweli. Aliniuliza habari ya mbolea, nami, kwa kuwa nafanya kazi katika ofisi ya kilimo, nikamjibu upesi, "Tia samadi ya kuku, tena nyingi." Sikumwambia ioze kwanza. Samadi mbichi ya kuku ni kali, huunguza mizizi. Baada ya siku chache majani yalinyauka, na ua mzima ukanuka. Akanijia mlangoni na mche mkononi. "Mwalimu," akasema, "hii ndiyo mnayofundisha huko ofisini?" Nilinyamaza. Mimi ni karani, si bwana shamba. Ningemwuliza mwenye kujua. Mara ya pili alitumia samadi iliyokaa miezi mitatu kwenye lundo, ikageuzwageuzwa mpaka ikawa nyeusi na haina harufu, debe moja kwa madebe mawili ya udongo.

Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi akaagiza magunia yaondolewe yote. Tulidhani ni ubaya tu, kumbe alikuwa na haki: magunia yaliegemea ukuta, na ukuta ulikuwa umeanza kulowa. Tuliyasogeza mbali kiasi cha mkono mmoja, watu wa vyumba saba tukamwendea pamoja, naye akakubali. Kabla ya hapo sikupata kuona vyumba saba vikikubaliana juu ya jambo lolote, hata taa ya nje.

Kuhusu kuchuma, chuma majani ya chini na uache manne au matano ya juu, mche utaendelea kukupa miezi mingi. Tazama chini ya majani kila mara. Ukiona vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu, wapondeponde kwa vidole wakiwa bado wachache.

Yalibaki maji yaliyochuruzika mferejini penyewe. Alichimba shimo lisilo na kina kirefu, akatandika karatasi ya nailoni, akarudisha udongo na samadi, akapanda nduma. Zao hili hupenda unyevu, na maji yakishikwa ndani ya udongo hayatuami juu. Tope limekwisha hapo, na watoto wanacheza palipokuwa na dimbwi.

Sukuma ni zake, lakini kila aliyejaza karai hupata fungu Jumamosi. Nduma huchukua miezi saba na zaidi, na hizi zina minne tu. Chumba cha tisa kimekwisha kuuliza zitagawanywaje, na jibu bado halijatolewa.