Utangulizi: Nani Bado Anayo Kadi Hiyo?

Hii ni fani ambayo wengi huipita wakidhani ni kazi ya kufagia tu. Swali lake linatamkika kwa urahisi: mfumo endeshi ubebe draiva za kadi kongwe za mtandao hadi lini? Ukilichimba, utakuta uhandisi, historia, na haki ya mtumiaji ambaye sauti yake haifiki mbali.

Draiva ni programu inayojua tabia za chipu fulani: iandikiwe wapi ili pakiti itoke, na itatoa ishara gani pakiti ikiingia. Kiini cha mfumo nacho hakitulii. Kila kikibadili namna ya kuzungumza na draiva, zote hurekebishwa, hata ya kadi iliyoacha kutengenezwa zamani. Msimbo huo utakompailiwa bila lalamiko. Je, unafanya kazi? Hakuna ajuaye mpaka mtu achomeke kadi halisi na kuijaribu. Gharama kubwa iko hapo, na wanafunzi wengi huikosa kwa kuhesabu mistari ya msimbo.

Kisa ninachokipenda kwa kufundishia ni cha FreeBSD, mradi wa mfumo endeshi. Mwaka 2018 mradi huo ulijadili hati iitwayo FCP-0101, iliyopendekeza kuondoa draiva nyingi za Ethaneti za megabiti 10 na 100 kwa sekunde. Kiwango cha gigabiti moja kupitia waya wa shaba kilikuwapo tangu 1999. Draiva zilizolengwa ziliwekewa onyo: mashine ikiwaka, mwenye kadi alisoma kwamba draiva yake haitakuwamo katika toleo la 13. Toleo hilo lilitoka Aprili 2021 bila draiva ya ed, iliyohudumia ukoo wa NE2000, kadi za tangu miaka ya 1980 zilizoigwa na watengenezaji wengi.

Sasa itazame rl, draiva ya chipu ya Realtek 8139. Mwandishi wake, Bill Paul, aliacha ndani ya msimbo maelezo makali kuhusu udhaifu wa chipu hiyo. Pakiti zinazoingia hurundikwa katika eneo moja la kumbukumbu, hivyo draiva hulazimika kuzinakili moja moja, na kichakataji hubeba mzigo ambao kadi nzuri ingeubeba yenyewe. Hata hivyo rl ilibaki. Kadi zake zilikuwa rahisi, zilienea kote, na watu walikuwa bado wanazitumia. Ubora wa chipu haukuwa hoja kabisa.

Linux ilipoondoa draiva za Token Ring mwaka 2012 mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwa kuwa mtandao wenyewe wa aina hiyo ulikuwa umekwisha kutoweka maofisini.

Kuna jambo linalonisumbua, na ningependa likusumbue nawe. Ukiuliza "nani bado anatumia?", unadhani kila anayetumia atakusikia. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi anayefufua kompyuta za mitumba hayumo katika majadiliano hayo ya Kiingereza, na kimya chake huhesabiwa kuwa hayupo. Onyo la kwenye skrini humfikia vizuri zaidi, ila si lile la mashine iliyofichwa chini ya meza bila skrini, ikigawa intaneti miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana naupa uzito muda wa kuhama: tawi la 12 la FreeBSD, lililokuwa bado na draiva hizo, liliendelea kuhudumiwa hadi mwisho wa 2023. Lakini sitetei kubeba kila kitu milele. Draiva ya mtandao hupokea data kutoka kwa mtu yeyote aliye upande wa pili wa waya; ikikosa msomaji na mjaribuji, kosa lililomo ndani yake ni mlango ulio wazi.

Kabla ya sura ya kwanza, kaa mbele ya mashine kongwe kuliko zote ulizo nazo, uandike lspci -k kama ni Linux, au pciconf -lv kama ni FreeBSD. Utaona chipu ya mtandao na draiva inayoiendesha. Tafuta msimbo wa draiva hiyo na historia ya mabadiliko yake, uone nani aliigusa mara ya mwisho, na kama alikuwa na kadi mkononi au alikuwa akifuata tu mabadiliko ya kiini.