Unga Unaoshika Maji: Uujue Kabla ya Kuununua

Ndugu mkulima, bila shaka umeona kijiti cha mchungwa kikiunganishwa na shina la mlimau. Mizizi ni ya mlimau, lakini matunda ni machungwa. Wataalamu wa kemia nao wana kazi ya namna hiyo, ila shina lao ni dogo mno, jicho haliwezi kuliona.

Pamba, katani na bua la mhindi vimejengwa kwa selulosi. Punje ya mahindi imejaa wanga. Selulosi na wanga ni ndugu: kila kimoja ni mnyororo mrefu wa vipande vya sukari ya aina moja, ila vimeshikana kwa njia tofauti. Mtaalamu hutia chumvi ya madini ya seriamu, nayo hufungua mahali katika mnyororo, kama kisu kinavyofungua gome. Hapo vipande vya kemikali iitwayo akrilonitrili hushika kimoja baada ya kingine, mpaka tawi likatokea.

Katika miaka ya 1970, wataalamu wa maabara ya serikali ya Marekani mjini Peoria, Illinois, waliotesha matawi hayo juu ya wanga wa mahindi, kisha wakaupika kwa soda kali. Wakapata unga mkavu uwezao kufyonza maji safi yenye uzito mamia ya mara kupita uzito wake. Selulosi nayo yaweza kufanyiwa kazi hiyo hiyo.

Unga wa namna hii huuzwa ili uchanganywe na udongo wa shimo la mche. Mvua ikinyesha, hufyonza na kuvimba; udongo ukikauka, mizizi hunywa. Lakini angalia sana! Unga hauleti mvua. Tena maji yenye chumvi au chokaa huupunguzia nguvu, na mbolea za chumvichumvi vivyo hivyo.

Basi, jaribu kwanza. Tia unga kidogo, kipimo sawa, katika gilasi mbili: moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya kisima chako. Ngoja saa moja, utazame ipi imevimba zaidi. Kisha panda mistari miwili ya miche, mmoja wenye unga na mmoja bila unga, yote ukiitandazia nyasi. Kiangazi kikiisha, hesabu miche iliyo hai, umwonyeshe Bwana Shamba. Usipoona tofauti, fedha zako zikae mfukoni, na nyasi uendelee kutandaza.