Pilipili ya moshi nyumbani: Moshi uishie kwenye pilipili, usimfikie mtoto

Dar es Salaam. Pilipili zikijaa sokoni, fungu huuzwa kwa bei ya kutupa. Unanunua mengi kwa furaha, na wiki ikiisha nusu yake imeozea kwenye jokofu kabla haijafika kwenye mchuzi.

Wengi huzianika juani. Ipo njia nyingine, inayotoa ladha ambayo jua haliwezi kuitoa, na kifaa chake huenda tayari kiko uani kwako. Ni kuzikausha kwa moshi juu ya jiko la mkaa au jiko la kuchomea mishkaki.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Samaki wa moshi tunawala tangu utoto, na vijijini mahindi ya mbegu bado huning'inizwa juu ya mafiga ili moshi uyakinge na wadudu. Kwa pilipili, mabingwa ni watu wa Mexico. Pilipili yao maarufu iitwayo chipotle imepata jina kutoka lugha ya Kinahuatl, kwa maana ya pilipili ya moshi. Ni jalapeño iliyoiva hadi ikawa nyekundu. Nyama yake ni nene, hivyo ni vigumu kukauka vizuri kwa jua peke yake. Hispania nako, katika eneo la La Vera, pilipili hukaushwa kwa moshi wa mti wa mwaloni kwa takribani wiki mbili kabla ya kusagwa.

Wewe huhitaji wiki mbili. Jumapili moja na siku chache za jua zinatosha. Lakini kabla ya kuwasha jiko, tuzungumze kuhusu moshi wenyewe, kwa sababu nyumba yenye watoto ina hesabu zake.

Jiko linakaa wapi?

Jibu ni nje, na halina mjadala. Uani, mahali penye upepo mwepesi, mbali na madirisha na milango, na mtoto asiwe upande ambao moshi unaelekea. Baraza lililozibwa pande tatu si nje. Jikoni ukiwa umefungua dirisha si nje pia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yake ni vya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Mapafu ya mtoto bado yanakua, naye hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huvuta moshi mwingi kulingana na uzito wake. Kwa mtoto mwenye pumu, dakika chache zinaweza kutosha kumletea shida.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha, wengi huona jiko limekuwa salama. Bado linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na kazi ya kukausha pilipili inataka moto hafifu unaopumua kidogo, yaani moto wa aina ile ile inayotoa gesi hiyo kwa wingi. Kwa hiyo jiko likimaliza kazi libaki nje hadi lipoe kabisa. Usiliingize sebuleni eti tuote joto lililobaki, hata kama uko Njombe na ni Julai. Mtu akipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na mkaa, mtoe kwenye hewa safi mara moja, kisha mpeleke hospitali.

Moto mdogo, subira kubwa

Chagua pilipili nyekundu zilizoiva, ngumu, zisizo na doa. Pilipili ndefu ndiyo rahisi kwa anayeanza. Pilipili mbuzi hutoa harufu nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ila ukali wake haumfai mtu wa papara. Pilipili kichaa ni ndogo mno. Itaangukia kwenye makaa usipokuwa na wavu wenye matundu madogo.

Zioshe, zifute maji yote, kisha zipasue kwa urefu. Vaa glavu, au funga mifuko safi ya plastiki mikononi. Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, ambayo iko kwa wingi kwenye utando mweupe wa ndani wala si kwenye mbegu kama wengi tunavyoamini. Ukitaka zipoe kidogo, kwangua utando huo.

Washa mkaa kidogo, konzi mbili au tatu, usubiri hadi ufunikwe na majivu. Kama jiko lako ni pana, sogeza mkaa upande mmoja na pilipili ziwe upande wa pili. Kama ni jiko la kawaida la duara, inua wavu kwa matofali mawili ili uwe mbali na moto. Funika kwa sufuria kuukuu, ukiacha upenyo wa hewa. Kipimo cha joto ni kiganja chako: kiweke usawa wa pilipili, na uweze kuhesabu hadi kumi taratibu bila kukitoa. Ukishindwa kufika kumi, unazichoma, hujaanza kuzikausha.

Juu ya mkaa weka kipande kimoja au viwili vya mti mkavu. Mpera ni mzuri sana, mchungwa na mlimao pia. Usitumie msonobari kwa sababu ya utomvu wake, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala vipande vya plaiwudi kutoka kwa fundi. Na usiokote kijiti cha uzio bila kukijua: maziwa ya mnyaa huunguza macho, na mti wa namna hiyo haufai kabisa kukaa karibu na chakula.

Tazama rangi ya moshi. Moshi mwembamba unaokaribia rangi ya bluu ndio unaotakiwa. Moshi mzito, mweupe au mweusi, huacha uchungu na masizi, na masizi yana kemikali zinazohusishwa na saratani. Ongeza hewa hadi usafike. Wala usikaushe pilipili chini ya nyama inayodondosha mafuta kwenye moto.

Saa tatu za moshi zinatosha, ukizigeuza kila baada ya nusu saa. Zitakuwa zimenyauka na kuwa nyeusi-nyekundu, lakini hazijakauka, na hapa ndipo wengi huharakisha.

Sumukuvu haifi kwa kupikwa

Pilipili iliyowekwa kwenye chupa ikiwa na unyevu ni shamba la ukungu. Baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Pilipili kavu ni miongoni mwa viungo vinavyofuatiliwa kwa karibu. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu ya aflatoksini katika kilo moja. Sumu hii huharibu ini, na moto wa jikoni hauimalizi.

Kwa hiyo baada ya moshi, zianike juani kwa siku mbili hadi nne juu ya chekeche au wavu, zikifunikwa kwa chandarua safi, na uziingize ndani kila jioni kabla ya umande. Msimu wa masika, maliza kwenye ovena kwa moto wa chini kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Zikikauka, hukatika kwa mlio na mbegu huchezacheza ndani. Ikijikunja kama ngozi, bado. Usishangae kuona zimepungua: kilo kumi mbichi huacha takribani kilo moja.

Weka kwenye chupa ya kioo iliyokauka, uiangalie kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone chini ya kifuniko, zirudishe juani siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu, tupa chupa nzima. Kufuta palipooza na kuendelea kula ni kujidanganya.

Kusaga ni kazi ya kufanya watoto wakiwa wamekwenda kucheza. Vumbi la pilipili hukohoza hata mtu mzima. Blenda ikizimwa, acha ipumzike dakika tano kabla ya kufungua, kisha ioshe kwa sabuni mara mbili. Juisi ya mtoto itapita humo humo kesho asubuhi.

Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, bila kusugua. Maumivu yasipoisha, nenda kituo cha afya. Mikononi, paka kwanza mafuta ya kula kisha osha kwa sabuni, maana kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Mdomoni, maziwa au mtindi hushinda glasi ya maji.

Na watoto wale nini?

Tumia hoho nyekundu. Ikate vipande vyembamba, ikaushe kwa njia ile ile ukiiongezea muda, uisage peke yake. Utapata unga wenye harufu ya moshi usiowasha kabisa. Wahispania nao wana aina yao tamu, na si kwa ajili ya watoto tu.

Nusu kijiko cha chai cha unga huo kwenye sufuria ya maharage hubadilisha chungu kizima. Faida nyingine ni kwamba chakula chenye harufu ya moshi hakidai chumvi nyingi, na mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Marekani, ambako mchuzi wa nyama na pilipili huitwa chili, wapo wanaoiacha sufuria wazi ndani ya jiko lenye moshi ili mchuzi wenyewe uvute harufu. Maharage yetu yanakubali hilo pia, kwa saa moja hivi, kama jiko lako lina mfuniko.

Kwa wanaopenda kuloweka pilipili kwenye mafuta: tumia zilizokauka kabisa tu, weka kwenye jokofu, tengeneza kiasi cha wiki moja. Pilipili mbichi au yenye unyevu ikikaa ndani ya mafuta mezani, inampa nafasi bakteria wa botulizimu, ambaye hustawi pasipo na hewa na ambaye sumu yake haina harufu ya kukuonya. Andika tarehe kwenye chupa, na uiweke kabati la juu.