Reli Iliyokufa Isigawanywe Vipande (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona namna malori na barabara kuu zilivyoinyang'anya reli mizigo yake. Sasa tuitazame ardhi iliyobaki. Marekani peke yake ilikuwa na zaidi ya kilomita 400,000 za reli mwaka 1916, na tangu wakati huo mtandao huo umekuwa ukipungua. Njia inapofungwa, chuma huuzwa na mataruma hung'olewa, kisha hubaki mkuza mwembamba ambao wengi huuona hauna kazi, kwa sababu hautoshi shamba wala mtaa wa nyumba. Nasema mkuza huo una thamani kuliko chuma chote kilichoondolewa, na thamani yake imo katika kutokatika kwake. Unatoka mjini hadi pembezoni bila kuzuiwa na ukuta wa mtu. Mwinuko wake ni wa taratibu, maana garimoshi halipandi mlima mkali. Kwa hiyo mzee, mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wote wanaumudu. Ukiuzwa kiwanja kimoja kimoja, umepotea: hakuna halmashauri itakayoweza kubomoa mamia ya nyumba ili kuupata upya.

Wapo wanaopinga mkuza kugeuzwa bustani, wakisema kwamba treni huenda ikahitajika tena, na bustani itakuwa imeziba njia. Hofu hiyo ina msingi. Tanzania ilirejesha treni ya abiria hadi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya ukimya, na Kenya ikaifufua njia ya Nanyuki mwaka huo huo wa 2020. Lakini mifano hiyo inaitetea hoja yangu, kwa kuwa isingewezekana kama ardhi ingekuwa imekwisha kugawanywa. Marekani ilitunga kanuni ya jambo hili mwaka 1983: kampuni ya reli ikikubali kuukabidhi mkuza kwa serikali au chama kitakachoutunza kama njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, sheria huhesabu kwamba reli haijatelekezwa, imewekwa akiba tu, na treni inaweza kurudi. Wenye mashamba jirani, waliotarajia kurudishiwa ardhi, walishtaki. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliihalalisha sheria yenyewe, huku ikiwaachia njia ya kudai fidia. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa pande zote mbili.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni High Line ya New York. Zamani treni za mizigo zilipita chini, barabarani, upande wa magharibi wa Manhattan, zikaua watu wengi hata mtaa ukaitwa Mtaa wa Kifo. Wapanda farasi waliajiriwa kuzitangulia na kuwaonya wapita njia. Mwaka 1934 zikapandishwa juu ya daraja la chuma lililopenya hadi ndani ya viwanda na maghala, ili nyama na maziwa vishushwe ghorofani. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980. Mbegu zilizoletwa na upepo zikaota juu ya kokoto, na wenye viwanja vya chini yake wakashinikiza daraja libomolewe. Mwaka 1999 wakazi wawili, Joshua David na Robert Hammond, wakaanzisha chama cha kulitetea. Mwishoni mwa 2001 meya Rudolph Giuliani alitia saini amri ya ubomoaji; mrithi wake, Michael Bloomberg, akageuza msimamo. Sehemu ya kwanza ya bustani ilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2014 ikafikia kilomita 2.3, ikipandwa kwa mwongozo wa Piet Oudolf, aliyejifunza kutokana na magugu yaliyokuwa yameota yenyewe.

Gharama ndiyo pingamizi jingine: sehemu mbili za mwanzo zilikula zaidi ya dola milioni 150. Lakini hilo lilikuwa daraja la chuma lililohitaji kukarabatiwa lote, ilhali reli nyingi zimelala chini. Singapore, iliyokabidhiwa ardhi ya reli yake ya kuelekea Malaysia mwaka 2011, ilipata mkuza wa kilomita 24 uliokwisha kuwa kijani kabla ya mjenzi yeyote kufika.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu wapangaji, na hili silijibu kwa wepesi. Mwaka 2005 jiji la New York lilibadili matumizi ya ardhi kandokando ya High Line. Wenye viwanja vya chini ya daraja waliruhusiwa kuuza haki ya ghorofa ambazo wasingeweza kujenga, wanunuzi wakazijenga kwingine katika eneo lile. Waliotaka daraja libomolewe wakageuka kuwa marafiki wake. Majengo ya matajiri yakachipuka, wakati nyumba za umma za watu wa kipato cha chini ziko hatua chache tu kutoka hapo. Mwaka 2017 Hammond mwenyewe alikiri hadharani kwamba jirani hao hawakuhudumiwa inavyopasa. Mjini Atlanta, ambako mzunguko wa reli wa kilomita 35 unageuzwa njia ya kijani, Ryan Gravel, mbunifu wa wazo hilo, alijiuzulu mwaka 2016 kutoka bodi mojawapo ya mradi kwa kuona makazi nafuu yanasahauliwa. Kosa hapa si la miti. Jiji la New York liliandika sheria ya kumtajirisha mwenye kiwanja, likamwacha mpangaji bila kinga, ingawa kalamu ilikuwa ile ile. Madiwani na wabunge watakaoletewa mpango wa namna hii wauzuie hadi kinga ya kodi ya pango na idadi ya nyumba nafuu ziwe zimeandikwa ndani ya sheria ile ile inayoidhinisha bustani.