Uvira: maji ya mvua yaoshwe kabla hayajafika ziwani

Mvua kubwa ikinyesha juu ya milima ya Mitumba, mkaaji wa Uvira hangoji kuambiwa na redio. Anaona mwenyewe mto Mulongwe ukigeuka rangi ya udongo na mifereji ya barabarani ikifurika. Maji hayo yanashuka na masashe, chupa za plastiki, takataka za soko, mafuta ya moteri yaliyomwagika kwenye garaji, samadi ya mbuzi, pamoja na uchafu wa vyoo vilivyojaa. Yote yanaenda mahali pamoja: Ziwa Tanganyika. Asubuhi inayofuata, mama na watoto wanashuka na bidoni kuchota maji kwenye ukingo uleule.

Hapa kwetu, maji ya mvua yanatajwa zaidi yanapoua. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulivunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na mitambo ya maji ya REGIDESO ikaharibika. Lakini hata mvua ndogo isiyobomoa nyumba ina madhara yake. Inasafirisha uchafu kidogo kidogo, kila wiki, bila mtu kupiga kelele.

Uvira inajua bei ya maji mabaya. Watafiti waliofuata kesi za kipindupindu mjini kati ya 2009 na 2014 waligundua kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Bomba likikauka, watu wanarudi mtoni na ziwani. Basi hali ya ziwa ni jambo la kila nyumba, si la wavuvi peke yao.

Ziwa halijioshi haraka

Wengine husema ziwa ni kubwa, litameza kila kitu. Kweli ni kubwa: urefu wake ni kilomita 673 hivi, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Lakini mto unaotoa maji nje ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi huondoka kwa njia ya mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Kinachoingia Uvira leo kinaweza kubaki ziwani miaka mamia.

Udongo wenyewe pia ni uchafu. Samaki wengi wa Tanganyika ambao hawapatikani mahali pengine duniani huishi na kuzaa kati ya mawe karibu na ufuko. Tope likifunika mawe hayo, chakula chao na mahali pao pa kuficha mayai vinapotea. Utafiti uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba sehemu za ziwa zilizojaa tope zilikuwa na aina chache za viumbe kuliko sehemu safi. Ndiyo maana Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unataja udongo unaomomonyoka pamoja na uchafuzi.

Bwawa linafanya kazi gani?

Njia moja inayotumika katika miji mingi duniani ni rahisi kueleza: maji ya mvua yasiende ziwani moja kwa moja, yapumzike kwanza. Yanaingizwa kwenye bwawa, mwendo unapungua, na vilivyobebwa vinazama.

Muda ndio siri. Mchanga mwembamba unazama mita moja kwa dakika mbili hivi. Udongo laini zaidi, ule unaofanana na unga, unahitaji saa tatu au nne. Chembe ndogo kabisa za mfinyanzi zinaweza kuelea zaidi ya wiki. Na chembe hizo laini ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu za metali na mbolea, kwa sababu vitu hivyo hujishika juu yake.

Kwa hiyo bwawa zuri lina sehemu mbili. Ya kwanza ni shimo dogo la kukamata mchanga, mawe na plastiki, ambalo watu wanaweza kulifikia na koleo. Ya pili ni pana, ina matete. Matete yanapunguza mwendo wa maji, na mizizi yake ni makao ya vijidudu vinavyokula uchafu. Mwishoni maji yanaweza kupita kwenye tabaka la mchanga juu ya kokoto kabla ya kutoka.

Kwa garaji, kifaa ni kidogo zaidi: shimo la saruji lenye vyumba viwili, na bomba linalochota maji kutoka chini. Mafuta huelea juu, yanabaki chumba cha kwanza, na hukusanywa kwa mkono.

Jirani zetu wa Bujumbura wanajua mabwawa ya namna hii. Kule Buterere, maji machafu ya sehemu ya mji hupitishwa kwenye mabwawa kabla ya kwenda ziwani. Yale ni maji ya vyoo na nyumba, si ya mvua, lakini kanuni ni moja. Na hata mto Ruzizi, unapoingia ziwani, hupita kwenye matete ya delta yake. Kila hekta ya matete inayokatwa au kujengwa ni kichujio kinachopotea.

Mahali pa kuweka ni shida

Uvira si tambarare. Mji umebanwa kati ya mlima na maji, na kila kipande cha ardhi kina nyumba. Bwawa haliwezi kuzuia Mulongwe unaoshuka na mawe; litajaa usiku mmoja. Wala haliwezi kuchimbwa kwenye ufuko wa chini kabisa, kwa kuwa miaka hii ziwa limepanda na kumeza nyumba na barabara. Kazi ya kuzuia udongo inaanza mlimani: miti, nyasi na mifereji ya kukinga maji kwenye mashamba ya miteremko. Mabwawa madogo yanafaa mifereji ya mjini, karibu na masoko, maegesho na garaji.

Kuna hofu nyingine ya haki: mbu. Bwawa la kupitisha mvua linapaswa kukauka ndani ya siku tatu, kabla mayai ya mbu hayajawa mbu. Linalobaki na maji linahitaji samaki wanaokula viluwiluwi, na samaki hao wasiingie sufuriani, kwa sababu wanaishi ndani ya sumu.

Tena, bwawa haliui kipindupindu kwa uhakika. Haliwezi kuchukua nafasi ya choo, bomba wala klorini. Atakayeuza bwawa kama dawa ya kila kitu anadanganya.

Swali la mwisho ndilo gumu: nani atatoa tope? Bwawa lisilosafishwa linageuka jalala, na mvua kubwa inayofuata inasukuma ziwani kila kilichokusanywa. Kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, serkali ya mji, wakubwa wa kata na wakaaji wanapaswa kukubaliana juu ya mambo matatu: siku ya kusafisha, pesa ya kuwalipa wanaosafisha, na mahali pa kutupa tope mbali na mto. Bila mapatano hayo, bora pesa itumike mlimani kupanda miti.