Kupanga Nyumba Moshi: Kutoka Tambarare Hadi Migombani

Moshi ni mji wa mteremko. Upande wa kusini, kuelekea mashamba ya miwa, ardhi ya manispaa iko mita kama 700 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini, inapopakana na migomba ya Kibosho na Uru, inafikia mita 950 hivi. Kwa mtumishi anayehamia kikazi, tofauti hiyo huamua mengi: joto la usiku, mbu, tope la masika, nauli ya kila siku na kodi ya nyumba. Ndiyo maana anayetafuta pa kupanga Moshi huanza kwa kuamua akae juu au chini, kisha ndipo atafute nyumba yenyewe.

Mji uko chini kwa sababu ya reli. Wajerumani waliweka boma lao Old Moshi, mlimani. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, ofisi na biashara zilishuka kuifuata, na mji mpya ukakua kuizunguka stesheni. Wenyeji wengi walibaki juu, kwenye vihamba vyao, yaani ardhi za ukoo. Mpaka leo ofisi, benki na masoko makubwa viko chini, makazi ya asili yako juu, na mitaa mingi ya kupanga imejengwa katikati ya hayo mawili.

Kazi iko upande gani

Hatua ya kwanza ni kujua kazi iko wapi, kwa sababu waajiri wakubwa wa Moshi wametawanyika. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko kaskazini mwa mji, na vyuo vikuu vya Ushirika na Mwenge viko upande huohuo. Ofisi za serikali, benki na Hospitali ya Mawenzi ziko mjini. Kiwanda cha sukari cha TPC kiko kilomita kama 20 kusini. Uwanja wa ndege wa KIA uko kilomita 40 hivi magharibi, njia ya Arusha. Mashariki kuna Himo na mpaka wa Holili, wanakofanya kazi maofisa wa forodha na mawakala wa mizigo.

Mfanyakazi wa KIA anayeishi Moshi hutumia muda mwingi barabarani, na zamu za usiku humlazimu kutegemea gari la mwajiri au lake mwenyewe. Wengi hupendelea Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, ambayo iko katikati ya njia. Anayefikiria kukaa mbele zaidi, kuelekea Arusha, aulize kwanza habari za maji. Eneo la Maji ya Chai linajulikana kwa maji yenye floraidi nyingi, ambayo hubadili rangi ya meno ya watoto wanaokua wakiyanywa na, yakinywewa kwa miaka mingi, hudhuru mifupa.

Mitaa ya mji

Kaskazini ndiko kwenye nyumba za gharama. Shanty Town ina viwanja vipana, miti mikubwa ya zamani na utulivu, na KCMC haiko mbali. Kodi yake huwafaa zaidi wanaolipiwa nyumba na mwajiri au wanaochangia nyumba moja kubwa. Longuo, jirani ya hospitali, ina vyumba vingi vya wanafunzi na wauguzi. Vyuo vinapofunguliwa vyumba huadimika, kwa hiyo anayehamia KCMC ni vizuri atafute mapema, wakati wanafunzi wako likizo. Rau, upande wa kaskazini mashariki, ina mto na hewa nzuri, na njia yake inapanda kwenda Uru.

Katikati kuna Majengo, Kiusa, Bondeni, Korongoni, Kaloleni na Njoro. Mtu anayekaa huku anaweza kutembea kwa miguu hadi kazini, sokoni Mbuyuni au stendi, na nauli anayookoa kwa mwezi si ndogo. Viwanja ni vidogo, na familia kadhaa huweza kutumia ua mmoja. Kwa kijana anayeanza kazi, chumba na sebule huku vinatosha. Kwa mwenye watoto wadogo, utulivu wa nyumba ya kujitegemea huenda ukawa na thamani kuliko ukaribu wa soko.

Magharibi, kando ya njia ya Arusha, kuna Karanga, Shirimatunda na Soweto. Mashariki, kwenye barabara ya Himo, kuna Msaranga na Kiboriloni, penye soko maarufu la mitumba. Faida ya pande zote mbili ni usafiri, kwa kuwa daladala na bajaji hupita tangu alfajiri. Siku za soko, hata hivyo, Kiboriloni hujaa watu na magari, na nyumba iliyo hatua chache nyuma ya barabara ni tulivu kuliko ile inayotazama lami.

Kusini kuna Pasua, na nje kidogo ya manispaa kuna Mabogini. Kodi huku ni nafuu, viwanja vipo na ni njia ya kwenda TPC. Lakini maji ya mlima wote huishia huku. Mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, yaliyojengewa mifereji miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, yanaipa Mabogini chakula na kipato, na pia mazalia ya mbu. Malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima, kwa hiyo anayepanga chini asikubali nyumba isiyo na nyavu madirishani, na chandarua kiwe kitu cha kwanza kununuliwa. Mvua kubwa za masika nazo huleta mafuriko. Alama ya maji ukutani, au rangi mpya iliyoishia usawa wa goti, ni sababu ya kuwauliza majirani kabla ya kulipa.

Kupanga migombani

Kibosho, Uru, Old Moshi, Machame na Marangu huwavutia wageni kwa baridi na ukijani wake. Joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi kila mita 100 za kupanda, hivyo eneo lililo mita 500 juu ya mji hupoa kwa nyuzi kama 3. Januari na Februari, mji unapochemka, hiyo ni nafuu kubwa. Juni hadi Agosti mawingu hukaa siku nzima, nguo hazikauki na kuta huota ukungu.

Nyumba za kupanga ni chache. Kihamba ni ardhi ya ukoo, hurithiwa, na wazazi na mababu huzikwa humo, kwa hiyo si mahali ambapo familia huweka mpangaji kirahisi. Nyumba nyingi nzuri hufungwa karibu mwaka mzima zikisubiri wenyewe watoke Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi. Zinazopatikana kwa kawaida ziko karibu na hospitali za misheni, shule na vituo vya biashara kama Marangu Mtoni. Barabara kuu za Marangu na Machame zina lami, lakini njia nyingi za kuingia vijijini ni za udongo, na masika huteleza kiasi cha kuzuia hata bodaboda.

Kukagua na kuandikiana

Wakati mzuri wa kukagua nyumba ni masika, kati ya Machi na Mei, siku moja baada ya mvua. Njia inayopitika siku hiyo itapitika mwaka mzima. Anayehamia kiangazi awaulize madereva wa bajaji ni wapi wanakataa kufika mvua ikinyesha. Jioni nayo ina habari zake, kama kelele za baa, taa za njiani na bei ya bodaboda usiku.

Maji ya mji husambazwa na mamlaka ya maji, MUWSA, na sehemu yake kubwa hutoka kwenye chemchemi za mlima. Hata hivyo, kuna mitaa inayopata maji kwa zamu, na simtanki juu ya paa ni jambo la kuuliza. Umeme hulipiwa kabla, kwa mita ya Luku. Mita ikiwa moja kwa wapangaji wengi, utaratibu wa kuchangia ujulikane mapema, hasa mmoja wao akiwa na friji au jiko la umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia Luku. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, hivyo pande mbili zielewane namna ya kumrudishia mpangaji fedha zinazokatwa.

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 au mwaka, na dalali hudai ujira ambao mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fedha hizo zikishalipwa, kuhama ni hasara. Kwa hiyo anayeweza na apange chumba cha muda mfupi kwanza, azunguke mitaa, kisha alipe. Asilipe kabla hajamwona mwenye nyumba au mwakilishi wake anayetambuliwa na mtaa. Mkataba uandikwe na utaje kodi, muda, notisi na nani atatengeneza kinachoharibika, na malipo yawe na risiti au yapitie benki.

Kazi ya mwisho ni kujitambulisha kwa balozi wa nyumba kumi na ofisi ya serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho itokayo huko ndiyo inayoombwa benki, shuleni na kwenye ofisi za umma, na jina likishaandikwa kwenye daftari la mtaa, mpangaji anahesabiwa mkazi, anaitwa kwenye mikutano na anashirikishwa katika shughuli za majirani, za furaha na za msiba.